Mbu wa Kumi la Mwisho

Mimi na mbu tuna ugomvi wa zamani. Nikimsikia mmoja akilia sikioni huwasha taa, nikainuka na kandambili mkononi, na silali mpaka nimemwona ukutani. Wajukuu zangu hucheka. "Bibi, ni mbu mmoja tu!" Mmoja! Hawajui wanasema nini, na mimi siku zote nimeona uvivu kuwaeleza. Leo nitaeleza.

Vita vikubwa vilikuwa ndiyo kwanza vimekwisha. Tulikaa Mji wa Kale, nyumba ya ghorofa moja, watu watatu: baba, shangazi yangu dada yake baba, na mimi, msichana ambaye hajaolewa. Mama alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Kaka yangu wa pekee alikuwa baharia wa meli za moshi, kazi yake kuchochea makaa, na kwa muda wote wa vita hatukujua kama yu hai ama ameliwa na bahari. Baba akaweka nadhiri. Mwanangu akirudi salama, alisema, Ramadhani ya kwanza nitakayofunga naye, kumi lote la mwisho nitakaa itikafu. Yaani atahamia msikitini, atakula humo na kulala humo, na hatatoka ila kwa haja isiyongojeka.

Kaka akarudi. Alirudi amenenepa mabega, ana koti la baridi ambalo Mombasa halina kazi, na anacheka kwa sauti mpaka majirani wanachungulia. Nilifurahi, nilifurahi hata nikawa mjinga, namfuata chumba kwa chumba kama paka.

Masika yale yale baba akashikwa na homa. Si homa hii ya kunywa chai ya tangawizi ukalala, la. Alikojoa maji meusi kama kahawa. Akapona kwa taabu, akabaki mifupa na macho. Daktari wa hospitali alimwita kaka pembeni, na kaka alipotoka akatwambia vile vile alivyoambiwa: mzee akipata homa nyengine kama hii hatainuka, basi asitafunwe na mbu. Asitafunwe na mbu! Kana kwamba mbu ni mbuzi, unamfunga kamba.

Ramadhani ikaingia, na kumi la mwisho likakaribia. Shangazi akamwendea baba kwa upole.

"Kaka, Mungu hana haraka. Nadhiri si itangoja mwakani?"

"Mwakani wewe umeahidiwa na nani?" baba akamjibu. "Mimi nilipoomba sikuambiwa nitangoja mwakani."

Nadhiri si mchezo. Kaka akasema atakwenda kukaa naye, amwangalie, na baba akaridhika.

Tatizo lilikuwa msikiti wenyewe, Mungu anisamehe kusema hivyo. Ulikuwa na birika la kutawadhia la kizamani, pana, maji yametuama, na ukiinamia unaona viluwiluwi wa mbu wakikata viuno. Watu wa afya walikwisha kuja wakamwaga mafuta yao juu ya maji. Wazee wa msikiti wakaona haiwezekani, maji yamebadilika harufu na rangi, udhu wake una shaka. Wakayatoa yote, wakajaza upya. Wiki mbili hazikupita, viluwiluwi wamerudi, wamenona zaidi.

Basi ikawa kazi yetu, mimi na shangazi, kumkinga baba na mbu, naye yuko mahali ambapo sisi hatuingii. Wanawake mtaani kwetu wakati ule hatukuwa na mahali ndani ya msikiti. Nilichojua cha huko ndani nilikijua kwa mdomo wa kaka, alipokuja alasiri kuchukua futari na asubuhi kuja kujinyoosha kidogo.

Nyumbani tulikuwa na chandarua kimoja, kilichokuwa cha kitanda cha mama. Nikakishona matundu, nikakifua, kaka akenda kukitundika msikitini juu ya mkeka wa baba. Asubuhi kaka akaingia ndani anatikisa kichwa.

"Kiko wapi chandarua?" nikauliza, maana nilimjua baba.

"Amempa mzee mwenye pumu aliyelala upande wa mlangoni. Nimemwambia, baba, hiki chako. Anambia, 'Sote hapa ni wageni wa Mungu. Mimi nilale ndani ya chandarua kama bwana harusi, wenzangu waliwe?'"

Nilitaka kulia, na nilitaka kumpiga mtu. Shangazi akasema tusikate tamaa, ana dawa. Akachanganya mafuta ya nazi na mafuta ya taa, akayatia chupani. Chupa ikarudi jioni imejaa. Baba amenusa tu akairudisha. Mtu aliyekula kitunguu saumu kibichi hukatazwa kukaribia msikiti asije akawaudhi wenzake na malaika, sembuse aliyejipaka mafuta ya taa? Na kweli, hapo huna la kusema.

Tukampa kaka makumbi ya nazi na chetezo kikubwa. Wakati wa tarawehe moshi ukawapata watu, safu nzima inakohoa, imamu anakohoa, mwadhini akaja akatia maji. Nikenda kwa Muhindi wa pembeni, Muislamu mwenzetu, ambaye zamani alikuwa akiuza dawa ya mbu ya kuchoma. "Bibi, ile haiji tangu vita," akanambia. Akampa pole mgonjwa wangu. Pole haifukuzi mbu.

Ndipo shangazi akakumbuka kivumbasi. Kivumbasi ni mmea wa harufu kali na nzuri, hata mtu wa msikitini hakikatai, na mbu hawakipendi. Lakini mjini hakuna, kilichokuwapo kimekwisha kung'olewa na wenye shida kama zetu. Tukavaa buibui, tukatoka kwa miguu, na swaumu zetu, tukakata soko la Marikiti katikati ya wachukuzi wanaopiga kelele "Hatari! Hatari!" na magunia kichwani, tukazungukia Kizingo. Huko nyumba kubwakubwa za wakubwa wa serikali madirisha yote yana wavu wa waya.

"Watazame," shangazi akasema. "Wamejifungia kama mikate kabatini."

"Laiti baba angefungiwa humo," nikasema.

"Angetoka akampa mtu mwengine dirisha."

Tulicheka mpaka koo zikatukauka, na hicho ndicho kicheko changu cha mwisho ninachokikumbuka cha Ramadhani ile. Tulikipata kivumbasi kwenye vichaka vya Mbaraki, chungu nzima, ila vichaka vile vilikuwa na wenyewe. Mbu wa mchana, weusi, na usubi usioonekana. Ukiinama kukata wanakuingia ndani ya buibui, shingoni, miguuni, hata kwenye kope. Shangazi alikuwa anachuma kwa mkono mmoja na kujipiga kwa mwengine. "Lo! Tumekuja kuomba dawa ya mbu kwa mbu wenyewe!" Tulirudi na matita mawili na miguu imevimba.

Baba akakikubali. Kaka alikitandaza kuzunguka mkeka, na siku ile baba alilala vyema. Lakini kivumbasi kikinyauka hakina nguvu, na miguu ya shangazi haikuweza kwenda Mbaraki kila siku, wala mimi kuruhusiwa peke yangu. Kilichobaki ni kaka na kipepeo chetu cha kupepea moto. Alikaa ubavuni mwa baba na kile kipepeo cha ukili, anapepea, tangu baba anapojinyoosha mpaka daku, na mkono ukichoka anabadilisha. Baba hakujua. Katika giza lile alidhani ni upepo wa kusi unaopita madirishani, na akashukuru.

Kaka alikuwa akija asubuhi macho mekundu, mikono na miguu ina vipele tupu. Nikamwambia ajipake angalau ndimu.

"Mimi?" akasema. "Nimekaa mbele ya tanuri la meli miaka yote hii, nyama imekauka. Mbu akiniuma atavunjika meno. Muangalie mzee."

Tukamwangalia mzee. Idi ikafika, baba akatoka msikitini kwa miguu yake, kanzu nyeupe, uso una nuru, nadhiri imetimia. Tangu siku ile, kila asubuhi shangazi anamtia mkono kwenye paji la uso, na mimi nasimama nyuma nangoja aniambie. Hana homa. Kesho yake tena, hana homa. Tukimpikia supu, tukimkamulia ndimu, akikohoa tunatazamana. Mwezi wa Mfungo mosi ulikuwa unakwenda hivyo, na mimi nikaanza kuvuta pumzi kidogo kidogo.

Siku moja kaka akasema kichwa kinamuuma. Shangazi akamwambia amezidi kulala mchana, hiyo ni tabia ya mabaharia. Na kwa kuwa alikuwa anatoka, tukamwagiza madafu ya baba Marikiti. Alikwenda. Aliporudi aliyaweka madafu chini moja moja, akakaa kwenye ngazi, akaniomba lile koti lake la baridi. Jua la adhuhuri! Nilicheka kidogo, nikamletea, kisha nikaona meno yake yanagongana.

Shangazi akasema ni hasadi, watu wamemwona amerudi mzima wakamtia jicho. Akamsomea, akamfukiza. Siku ya pili hakutujua. Alizungumza maneno ya melini, lugha tusiyoijua, na mikono yake ilikuwa inachochea makaa hewani. Baba alikamata ile mikono miwili akaiweka kifuani kwake mwenyewe, lakini kaka alikuwa na nguvu, akaichomoa, akaendelea.

Tukampeleka hospitali. Daktari alikuwa yule yule. Alipomwona baba amesimama kwa miguu yake alishangaa, kisha akamgeukia kaka na mshangao ukamtoka. Alimpima, akaeleza taratibu, kama mtu anayejua maneno yake hayatafaa kitu. Mtu aliyezaliwa huku akakaa miaka mingi nchi za baridi, mwili wake husahau homa yetu. Akirudi ni kama mgeni, ni kama mtoto mchanga. Huyu ndiye aliyekuwa wa kukingwa.

"Alikuwa akilala wapi?" akauliza. "Hakuwa na chandarua?"

Mimi nilimtazama shangazi, shangazi akaiangalia sakafu. Ikabidi nimwambie baba, pale pale, mbele ya kitanda, ule upepo ulikuwa nini.

Baba alisikiza mpaka nikamaliza. Kisha akamgeukia daktari, akamjibu swali lake kwa adabu, kwa sababu lilikuwa limeulizwa. "Alikuwa halali, bwana," akasema. "Alikuwa akinipepea mimi."

Kaka hakuiona Ijumaa. Majirani wakaja, nyumba ikajaa, na kila anayeingia ananishika bega na kunambia, ajali haina kafara, mwanangu. Nilikuwa nawachukia. Kafara lilikuwapo, nilitaka kuwaambia, waume zenu wametoka kumbeba sasa hivi. Nikapokea mikono, kwani ningefanya nini?

Wanaume waliporudi makaburini, baba alipanda ngazi peke yake. Hakushikwa na mtu wala hakupumzika katikati, yeye ambaye masika tulikuwa tukimpandisha kwa kumbeba. Akakaa kwenye mkeka akaniita niketi karibu.

"Nilimwomba Mungu aniletee mwanangu," akanambia, "na kaniletea. Kwamba akae, sikuomba. Sikujua kama hilo pia ni la kuombwa."

Nikamletea uji. Akaunywa wote, akaomba mwengine.