Jina Langu Kando ya Jina la Mama Mkwe

Kila Jumamosi alasiri, kabla wanachama hawajafika, mimi ndiye ninayeandika ubaoni nani atafanya nini. Klabu yetu ya kuhutubia hukutana katika darasa moja la shule hapa Dilala, na ukatibu wangu wote uko katika kipande cha chaki. Naandika msimamizi wa kikao, wasemaji wawili, mtunza muda mwenye kadi yake nyekundu, mtu wa kuhesabu kila "euh" ya kusitasita inayomtoka msemaji, na mwisho mkosoaji, yule anayesimama baada ya hotuba kueleza palipokosewa. Kazi hii naipenda kuliko ninavyokiri. Mtu akilalamikia zamu yake, namwonyesha ubao, basi.

Mwaka huu mama mkwe wangu alijiunga. Sikumwalika. Akina mama wa Kapata, kule kwenye nyumba za zamani za wafanyakazi wa mgodi, walimchagua akawasemee mbele ya wakubwa wa komini, serikali yetu ya mtaa, kuhusu bomba lao lililokauka. Angepewa dakika tano tu, naye hakuwa amewahi kusimama mbele ya watu nje ya kanisa. Alikuwa na wiki sita za kujifunza.

Kwetu, familia zilizotoka Kasai, mwanamume hali mbele ya mama mkwe wake wala hamkazii macho, sembuse kumkosoa. Kwa hiyo niligawa kazi kwa ujanja. Zamu yake ya kusema ikifika, mimi nilijipangia mlango, nikaribishe waliochelewa. Wakosoaji wake niliwachagua miongoni mwa wanachama vijana, makarani ambao kwao kila mwanamke wa umri ule ni mama. Walisimama, wakasema hotuba ilikuwa nzuri sana, wakakaa. Watu wakapiga makofi, nami nikajiona fundi wa amani.

Lakini hotuba haikuwa nzuri, na pale mlangoni niliisikia yote. Aliwashukuru wakubwa, akamshukuru Mungu, akaeleza jinsi baba yake alivyoletwa kuchimba shaba, na jinsi nyumba zilivyopakwa chokaa kila mwaka enzi hizo. Alipofika kwenye bomba, kadi nyekundu ilikuwa imeshainuliwa. Jumamosi tano zilipita hivyo hivyo. Nilijua, nikanyamaza, nikaita woga wangu heshima.

Jumamosi ya mwisho nilimkuta darasani peke yake, chaki mkononi. Kando ya jina lake la msemaji, kwenye nafasi ya mkosoaji, alikuwa ameandika jina langu.

"Mama, hii haiwezekane," nilisema nikitazama sakafu.

"Kila samedi munaniambia tu: muzuri, mama, muzuri. Banamama bananingojea na bidon yabo ya maji. Weye njo unagawa kazi. Nani ataniambia fasi ninakosea?"

Niliona aibu, kwa sababu yeye alikuja kujifunza na mimi nilikuwa nikimpangia watu wa kumdanganya.

Alipomaliza kuhutubia, nilisimama, nikaligeuzia darasa mgongo, nikazungumza na ubao kama mtu aliyechanganyikiwa.

"Mama, maji inafika nyuma ya kadi nyekundu. Anza na maji. Mambo ya baba na ya chokaa, toa yote."

Hakuna aliyehesabu "euh" zangu, nazo zilikuwa nyingi.

"Na Mungu?" aliuliza.

"Mungu abakie, mama, lakini ku mwisho."

Alhamisi iliyofuata nilikaa safu ya nyuma kabisa katika ukumbi wa komini, nyuma ya akina mama wa Kapata. Mama mkwe alisimama, akashika kiti kilichokuwa mbele yake.

"Kapata haina maji. Batoto banachelewa ku masomo juu ya kutafuta maji. Tunaomba mututengenezee bomba. Mungu abariki bote." Akakaa.

Mkubwa mmoja alitazama saa yake. "Mama, uko na dakika ingine."

"Nilishamaliza, tata," alijibu, akimwita baba kwa heshima.

Yule mkubwa alikuwa amejiandaa kusikiliza kwa muda mrefu na kusahau haraka. Sasa akina mama wote walikuwa wakimtazama yeye. Alitafuta kalamu, akasema mafundi watakwenda Jumatatu. Walikwenda kweli, na siku ya Alhamisi bomba lilitoa maji.

Jumapili mimi na mke wangu tuliitwa kwake Kapata kula. Nilichukua sahani yangu ya bukari, ugali wetu wa kila siku, nikaelekea nje kama kawaida yangu. Mama mkwe alivuta kiti kilichotazamana na chake.

"Ikala apa. Mwenye alinikosoa mbele ya bantu bote, ataogopa bukari yangu?"

Nilikaa, nikanawa mikono, nikala nikimtazama.