Sahani Moja, Saa Kumi na Mbili

Kilichoninyima usingizi wiki ile ni swali dogo: baba anakula usiku, au hali? Nilikuwa nimelala chali, tumbo tupu kama nilivyokwisha kulizoesha, nikisikia redio yake upande wa pili wa ukuta ikisoma salamu za watu nisiowajua. Ningeweza kuinuka, nikagonga mlango, nikamuuliza. Lakini mimi ni mtu ambaye hata ujumbe wa "nimefika salama" huuandika mara tatu kabla ya kuutuma. Nikabaki kitandani nalipindua swali, na kila nilipolipindua lilizaa jingine. Kama hali, ni tangu lini? Na kama ni tangu siku ile ninayoihofia, kosa ni la nani?

Nilikuwa nimerudi nyumbani Bigwa, pembeni ya mji chini ya milima, baada ya kumaliza chuo, ualimu wa fizikia, nangoja ajira kama wenzangu wote. Nilirudi na cheti, godoro, na kilo nyingi nilizozipata kwa chipsi za jioni na kukaa juu ya vitabu. Mtaani walinisifia. "Chuo kimekupenda," aliniambia mama mmoja wa jirani, akinipapasa mkono kama anayechagua papai. Mimi sikusikia sifa. Mama yangu alifariki kwa sukari nikiwa kidato cha pili, na baba naye anameza vidonge vya sukari asubuhi na jioni. Nesi wa kituo cha afya alinipima, akatazama karatasi, akauliza habari za wazazi, kisha akasema kwa upole, "Dada, kwa historia ya nyumba yenu, anza kupunguza sasa. Na chakula kizito cha usiku uachane nacho."

Mtu mwingine angepunguza tonge mbili tatu, maisha yakaendelea. Mimi nilisoma kwenye simu mpaka chaji ikaisha, na kesho yake nikajiwekea sheria: jua likishazama, sitii kitu mdomoni isipokuwa maji.

Hapa inabidi nieleze tunavyokula kwetu. Mama alipokuwa hai, yeye ndiye aliyejua nani anakula kiasi gani. Baada ya msiba, wageni walipokwisha kuondoka na maturubai kurudishwa, baba alisonga ugali kwa mara ya kwanza nikimwona. Ulikuwa na madonge. Alisimama na mwiko mkononi mbele ya sahani mbili, asijue aanzie ipi, na alisimama hivyo kwa muda ambao mpaka leo sipendi kuukumbuka. Mwishowe alizirudisha zote mbili kabatini, akatoa ile sahani kubwa ya bati yenye ukingo wa bluu, akaupakua ugali wote humo. "Tutakutana katikati," alisema.

Tangu siku hiyo tulikula hivyo, yeye upande wake na mimi upande wangu. Kipande cha mwisho cha samaki alikisukuma upande wangu kwa kidole, macho yakiwa kwingine. Nilipokwenda chuo alikuwa bado kiwandani, zamu ya jioni, akila kantini na wenzake. Alistaafu mwaka uleule niliomaliza, sahani ya bluu ikarudi mezani. Kisha nikaja na sheria yangu.

"Baba, kuanzia leo mimi sili usiku," nilimwambia, chakula kikiwa tayari kimefunikwa.

"Unaumwa?"

"Siumwi. Napunguza mwili."

"Mwili upi huo, mama?" Baba huniita mama, kwa sababu nilipewa jina la mama yake.

"Nesi ndiye aliyesema."

"Haya, kama ni nesi." Alitazama kawa kidogo. "Basi nami nitakula baadaye, taarifa ya habari ikiisha."

Nikaenda chumbani nikafunga mlango, harufu ya dagaa isije ikanishinda. Ikawa desturi. Baba alikuwa na bustani ya mchicha na matembele karibu na kijito, nyuma ya nyumba. Alikuwa akimwagilia mpaka giza linaingia, anaoga, anasikiliza habari za saa mbili, na chakula kikija kuguswa ni karibu saa tatu. Mimi nilipika, nikafunika, nikajifungia. Asubuhi sahani ilikuwa imeoshwa, imelazwa kifudifudi kwenye kichanja. Nilipoenda kupima uzito kwenye duka la dawa mjini, mshale ulikuwa umerudi nyuma, nami nikatoka pale natembea kama nimeshinda uchaguzi. Kitu kingine nilichokiona siku zile, nikakiona bila kukifikiria, ni kwamba kuku wetu walikuwa wamenawiri sana.

Katika majuma hayo nikapata nafasi ya kujitolea kufundisha sekondari moja, na somo langu la kwanza likawa jinsi sayari zinavyolizunguka jua. Kwa hofu yangu nililifanyia mazoezi uani kila alasiri, baba akiwa mwanafunzi pekee, amekaa kwenye kigoda anachambua mbegu za mchicha. Nilifunga limao kwenye leso, nikafunga leso kwenye kamba, nikalizungusha juu ya kichwa.

"Mkono wangu ni jua," nikasema. "Limao ni sayari."

"Na kule juu kamba kaishika nani?"

"Hakuna kamba, baba. Kuna nguvu ya uvutano. Jua linaivuta sayari, na sayari inadondoka kuelekea jua muda wote. Ila inakwenda kasi sana kwa upande, kwa hiyo kila ikidondoka inalikosa jua na kupinda. Kukosa huko ndiko kuzunguka."

Akafikiri. "Kwa hiyo inakuja kila siku na haifiki."

"Ndiyo."

"Kama ajira yako."

Nilicheka mpaka limao likachomoka likaangukia bandani kwa kuku. Baba hakucheka, ila mabega yake yalitikisika. Kisha akauliza, akiendelea na mbegu zake, "Na jua lenyewe je? Halivutwi na mtu?"

"Jua limetulia katikati, baba."

"Lina raha," akasema.

Shangazi alikuja Jumamosi iliyofuata. Ni dada mkubwa wa baba, anaishi huko juu milimani karibu na misheni, na siku za soko huteremka na kabichi zake na liki, vile vitunguu vya majani marefu, halafu akirudi hupitia kwetu kupumzika. Baba alisimama kumwamkia.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Hebu simama hapohapo." Akamtazama kiunoni. "Huo mkanda umeutoboa na nini?"

"Msumari."

"Mkanda wa miaka yote ya kiwandani, leo ndiyo unautoboa." Akanigeukia. "Na wewe umepungua. Nyie mmefunga? Kwaresma si ilishapita?"

"Mtoto anapunguza mwili," baba akasema.

"Huyo anapunguza kwa kutaka. Wewe unapunguza nini, na ulivyo kama mpini wa jembe?"

"Ni jua la bustani, dada."

"Jua la bustani," shangazi alirudia, kama mtu anayerudisha chenji pungufu. Alikunywa maji, akaniachia fungu la liki, na nilipomsindikiza hadi barabarani akaniambia kwa sauti ya chini, "Mdogo wangu huyu hajawahi kuweza kula peke yake. Tangu tukiwa watoto. Sisi tukiwa shamba, alikuwa anabeba bakuli lake mpaka kwa jirani, anakaa mlangoni pao, ndipo anakula."

Nilirudi ndani nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Nilianza kuyakumbuka mambo ambayo nilikuwa nimeyaona tu. Asubuhi mbili katika wiki ile baba aliamka shati limelowa jasho na vidole vinatetemeka, akaomba chai ya sukari, yeye ambaye hunywa ya mkandaa, kavu isiyotiwa sukari. Alisema ni joto. Daktari alikuwa amemwonya asimeze vidonge vyake vya jioni bila kula, sukari isije ikashuka mno usiku. Usiku huo ndio niliolala chali nikiisikiliza redio.

Jioni ya pili nilipika, nikafunika, nikasema nakwenda kulala kama kawaida. Ila sikuufunga mlango wangu wote. Habari zilipoisha, baba alinawa mikono, akaketi, akafunua kawa. Alikata tonge, akalifinyanga polepole, akalitia shimo kwa dole gumba, akachovya mchuzi. Akabaki amelishika. Alitazama upande wangu wa sahani, ule ulio karibu na mlango. Kisha akalirudisha tonge, akala majani mawili matatu ya mchicha kwa adabu, kama mgeni, akafunika. Alimeza vidonge vyake kwa maji. Baadaye nilimsikia uani akimwaga chakula kwenye sufuria kuukuu ya kuku, taratibu, kijiko kisigonge.

Siku mbili nzima nilifikiri nifanye nini, na nakiri niliandika hata kwenye karatasi. Nikimwambia nilimwona, ataona aibu, na kesho atakula kwa kunifurahisha huku chakula hakipiti. Nikirudi kula naye ugali saa tatu usiku, nitakuwa ninaelekea alikoelekea mama, nikijua. Nikimwambia tu "baba, kula", atajibu "nimekula". Nikimwita shangazi, atakuja na maneno yake. Karatasi ilijaa mishale ya kwenda na kurudi, mpaka nikaona haya mbele ya karatasi.

Ili nipumzike nikafungua daftari langu la chuo niandae somo. Humo, kwa mwandiko wangu mwenyewe, nilikuwa nimeandika kwamba vitu viwili vinavyovutana huzunguka vyote viwili, kila kimoja kikiizunguka sehemu moja iliyo kati yao. Jua nalo huvutwa na sayari zake na huyumba. Kwa kuwa ni kubwa mno, kuyumba kwake ni kudogo na hakuonekani kwa urahisi. Nililijua hilo, nililifanyia mtihani, na bado nilimwambia baba jua limetulia. Basi nilipoihama sahani yetu, baba naye hakubaki palepale; nikaikunja karatasi yangu ya mishale nikaitupa jikoni motoni.

Kesho yake saa kumi jioni nilichukua ndoo mbili nikashuka kijitoni. Baba alikuwa ndiyo kwanza anakunja suruali.

"Umepotea njia?" akauliza.

"Nimekuja kumwagilia. Tukiwa wawili tutamaliza mapema."

"Mapema twende wapi?"

"Tukale."

Aliinua uso. "Nesi je?"

"Nesi alikataza usiku. Hakukataza saa kumi na mbili."

Alinionyesha matuta ya kuanzia, na mara mbili akanikumbusha nisimwagilie kwa nguvu, miche isilale. Tulimaliza saa kumi na moja hivi. Nilisonga ugali mdogo, wa watu wawili wenye akili, nikaunga matembele kwa ile liki ya shangazi, nikakaanga samaki mmoja. Nilitoa sahani ya bluu nje, kwenye meza ndogo ya uani. Kwetu mlima uko magharibi, kwa hiyo jua hutuaga mapema. Lilikuwa limebakiza ukanda mwembamba juu ya kilele.

Baba alinawa, akakaa. Nami nikakaa upande wangu. Alikata tonge, nikakata langu, dogo, na safari hii lake lilifika mdomoni. Nilijifanya natazama mlima.

"Lile swali lako la jua, baba," nikasema tulipofika nusu. "Nilikujibu vibaya. Halijatulia. Sayari nazo zinalivuta, linayumba kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo sana. Mtu akiwa mbali hawezi kuona."

Alitafuna mpaka akamaliza. "Basi kawaambie hivyo hao wanafunzi," akasema. "Usije ukawadanganya kama ulivyonidanganya mimi."

"Nitawaambia. Na kesho saa kumi nitakuwa bustanini. Na keshokutwa."

"Ndoo ya kijani inavuja," akasema. "Chukua ile ya bluu."

Akatoa vidonge vyake mfukoni, akavimeza juu ya chakula. Kilikuwa kimebaki kipande kimoja cha samaki, upande wake. Akakisukuma kwa kidole hadi upande wangu, macho yakiwa kwa kuku. Nilikikata vipande viwili, kimoja nikakirudisha, kingine nikala. Kuku walikuja wakasimama kando ya sufuria yao kuukuu, wakangoja, kisha wakaingia bandani.