Mgeni wa Kwenye Mkungu wa Ndizi

Nilipokuwa mtoto Sumbawanga, nilimwonea wivu mdogo wangu Skola kwa sababu ya chura. Nasema wazi, nimechoka kuficha.

Ilikuwa miaka ile serikali ilipofungua biashara kwa watu binafsi, na baba mdogo aliyekaa Mbeya akaanza kutuletea ndizi za Tukuyu kwa lori. Siku moja Skola akakuta chura wa kijani ndani ya mkungu. Hakufanana na vyura wetu wa mtoni. Ncha za vidole vyake zilikuwa za duara, akapanda ukuta na kung'ang'ania pale juu. Mwalimu wetu wa sayansi akasema huyo ni chura wa mitini, si wa huku, na tusije tukamwachia mtoni akasumbua vyura wenyeji. Skola akamtengenezea ndoo yenye tawi na kitambaa kibichi, akaifunika kwa kipande cha chandarua na kuiweka jikoni kwenye joto. Alimlisha nzi na panzi. Watoto wa mtaa mzima wakawa wanakuja kwa Skola, na mimi, dada mtu, kazi yangu ikawa kufungua mlango. Roho iliniuma, jamani!

Bibi, aliyetulea, alichungulia ndoo akasema, "Chura akiingia nyumbani ni mgeni. Mwacheni atoke mwenyewe. Mkimfukuza, ataondoka na mtu."

Asubuhi moja ya Julai, Skola akiwa kisimani, nilimbeba yule chura hadi kwenye majani nyuma ya choo. Umande ulikuwa wa baridi kali. Nikamwambia, "Nenda kwenu, unajidai sana."

Skola alilia siku nzima. Bibi aliitazama mikono yangu tu, akaendelea kuchambua ulezi.

Januari baba mdogo akamchukua Skola akasome Mbeya. Akiwa mlangoni alinishika gauni. "Dada, chura akirudi, umpe nzi."

Leo nikiwa mtu mzima, najua baba mdogo alikuwa ameshapanga safari hiyo kabla ya chura. Najua, lakini hainisaidii. Watoto wa mtaa walirudi kuwa wangu, na blanketi tulilokuwa tukigombania likawa langu peke yangu. Nililala nikitetemeka. Kwa miezi kadhaa, kila asubuhi, niliua nzi wawili watatu na kuwaweka kwenye majani nyuma ya choo.