Muuguzi wa Kansa wa Nzahaha

Muuguzi anayepima kansa ya mlango wa kizazi pale Nzahaha hupasha kwanza chombo chake kwenye maji ya uvuguvugu, na kila atakachofanya hukisema mapema, kwa sauti ya chini. Mukagatare, aliyelala kitandani akipimwa, alimuuliza kwa nini hakubaki Kigali alikosomeshwa kwa ruzuku.

"Maman, serikali ililipa masomo yangu juu ya kusaidia bamama ba huku," alijibu, mikono ikiendelea na kazi. Kisha akasema, "Iko kidonda kidogo, bado haiyakuwa kansa. Tutaichoma leo, isigeuke kansa."

Mukagatare alilia, muuguzi akamshika mkono mpaka akatulia. Alipotoka nje, dada yake, aliyekuja naye kupimwa, alikuwa ameshaanza kuondoka kwa woga, mtoto mgongoni. Mukagatare akamwita.

"Lete mtoto nimubebe," akamwambia. "Weye ingia."