Sweta la Yohana

Siku ile sebuleni kwangu Kihesa tulikuwepo mimi, mdogo wangu Yohana, mkewe Neema na mama yake Neema aliyetoka Mbalizi. Tangu nistaafu upishi nimebandika ukutani orodha ya masweta ya kufuma, nimalize yote kabla ya Krismasi. La Yohana nilishaliwekea tiki. Kabla sijaanza kulifuma, Neema alinisihi nimpime mumewe kwanza. Nikamjibu, "Wifi, niliacha shule nimlee huyu. Mwili wake naujua."

Yohana akalivaa mbele ya mama mkwe. Kichwa kilipita, mikono ikakwama kwenye viwiko, kitambi kikabaki nje. Mama mkwe akainamia kikombe chake.

"Dada," Yohana akasema taratibu, "hapa umemfumia Yohana wa darasa la nne."

Tiki nimeifuta. Bado nadaiwa sweta la mwanaume mzima.