Jiwe Lililozuia Mlango

Juzi mke wa mwanangu alikaanga simsim hapa Arua, na harufu yake ikanirudisha Koboko, kwenye ua wa bibi yangu, nilikopelekwa kuishi nikiwa mtoto.

Usidhani, rafiki yangu, kwamba nilipokewa kwa kazi. Bibi alinitandikia mkeka, akaniletea ugali wa muhogo na mboga iliyoungwa kwa simsim, akanikataza kugusa hata ufagio. Kwake, mgeni hakutumwa. Binamu zangu walipita na mitungi ya maji wakinicheka: "Mgeni, umeshiba?" Nililia kwa kuchoka kukaa. Asubuhi moja bibi akaita bila kugeuka, "Wewe! Simsim iko kwa jiwe. Njoo saga." Nilikimbia kama niliyeitwa harusini. Tangu hapo nikawa mtu wa nyumba ile.

Wakati wa kusaga ilikuwa lazima tuimbe, kwa maana anayeimba hatafuni. Tukinyamaza kidogo, sauti ya bibi ilitoka nyuma ya ghala: "Midomo imekufa, ama imejaa?" Tuliimba mpaka koo zikakauka, na bado kila mmoja wetu alijua namna ya kumeza kati ya ubeti na ubeti.

Sasa utaelewa kwa nini kochi la mwanangu lilinichoma. Aliponihamishia kwake, nilikataa kupanda gari bila jiwe langu la kusagia. Likaja, likawekwa kuzuia mlango wa jikoni usipigwe na upepo. Nami kila nilipoinuka, mkewe alisema kwa heshima, "Mama, kaa tu. Wewe umechoka." Nilisikia: mgeni, umeshiba? Nikafunga nguo zangu ndani ya kitenge, tayari kurudi Koboko.

Hiyo juzi mashine ya kusagia ya sokoni iliharibika, na wageni walikuwa njiani. Mke wa mwanangu alitazama simsim yake, akatazama mlango. "Mama! Njoo saga, mimi naenda kukata kuku."

Nilikifungua kitenge, nguo zikaanguka kitandani, nikajifunga kiunoni.

Ua wa bibi umeota nyasi, na huko Koboko nako simsim hupelekwa mashineni. Nyimbo zile hazisikiki tena. Lakini mjukuu wangu huyu, anayeniandikia maneno haya, alipiga magoti kando yangu, akashika jiwe, akaimba vizuri, kisha akanyamaza ghafla.

"Mdomo umekufa, ama umejaa?" nikamuuliza.

Aliinamia jiwe, akasaga kwa haraka, mashavu yamejaa.