Mama Kimya, Mwanamke Anayesema Bila Sauti Katika Kiwanda Kilichofungwa

Saa tisa na nusu alasiri. Mwenye nyumba amesimama katikati ya jukwaa, fimbo mkononi, na amesahau kila kitu. Amesahau kodi aliyokuja kudai, amesahau jina la mpangaji, na kwa jinsi anavyokodoa macho, huenda amesahau hata kwamba ana mke.

Mke huyo ameketi kwenye kiti cha mbao, pembeni, chini ya jukwaa. Anaachama mdomo, anaubana, anautanua. Hakuna sauti inayotoka. Mzee anamtupia jicho mara moja, anapiga fimbo sakafuni na kunguruma: "Mwezi wa tatu huu! Unadhani nyumba hii niliijenga kwa mate?"

Ukumbi mzima unacheka. Mwanamke kwenye kiti hacheki. Ameshafika kwenye mstari unaofuata.

Mji mzima unamwita Mama Kimya. Jina hilo lisimpotoshe msomaji. Huyu ni miongoni mwa watu wenye maneno mengi kuliko wote mtaani, na mwenyewe hakatai.

"Mimi ukiniona nimenyamaza, mwanangu, jua nakula au nimekufa," anasema.

Kazi yake ni kuwakumbusha waigizaji maneno, katika ukumbi ambao mwaka huu ulinusurika kugeuzwa ghala la saruji. Zamani ukumbi huu ulikuwa chumba cha kufumia cha kiwanda cha nguo. Mashine mia mbili zilinguruma humu mchana na usiku. Aliyetaka kuzungumza na jirani yake hakupoteza pumzi kupiga kelele. Alitamka maneno kwa midomo tu, akiitanua polepole, na jirani akasikiliza kwa macho.

"Siku ya kwanza nilidhani nimeajiriwa na vichaa," anakumbuka. "Naona wanawake wazima wanatafuna hewa. Haikupita muda, na mimi natafuna."

Kwa lugha hiyo watu walichumbiana, wambea walisutwa, na msimamizi wa zamu alitukanwa kila siku mbele ya uso wake. Walimwita Boga, kwa sababu ya umbo la kichwa. Msimamizi alipita katikati ya mashine, mikono nyuma, na heshima zake zote, nao wakaamini hajui lolote.

Alijua. Alivumilia miaka miwili. Kisha asubuhi moja akasimama mwisho wa safu ya mashine, akamtazama mfumaji mmoja mwenye mdomo mrefu kuliko wenzake, akatamka bila sauti: "Boga linaomba kukuoa."

"Nilitamani ardhi ipasuke," anasema Mama Kimya. "Nikakumbuka yote niliyomsema. Nikaona njia salama ni kukubali."

Boga, ambaye ndiye mwenye nyumba aliyesahau maneno pale jukwaani, anathibitisha akiwa bado na ndevu za pamba kidevuni. "Wanaume wengine hujua mke anawaonaje baada ya harusi. Mimi nilianza na ripoti kamili."

Kiwanda kilifungwa miaka kumi na tisa iliyopita. Watu elfu moja na mia mbili walirudi nyumbani siku moja, saa za kazi, na watoto wao wakadhani ni sikukuu. Mashine ziliuzwa kama vyuma chakavu, isipokuwa moja iliyogoma kupita mlangoni. Maduka ya mtaa wa kiwanda yakafungwa moja baada ya jingine. Mama Kimya akauza nyanya na vitunguu. Boga akawa mlinzi wa ghala la viti vibovu, vitu ambavyo, kwa maneno yake, "mwizi angevionea huruma."

Masikio ya Mama Kimya nayo yakaanza kudai pensheni. La kushoto limestaafu kabisa. La kulia husikia likitaka.

Miaka mitatu iliyopita, mwalimu wa sanaa wa sekondari, binti ambaye hakuwahi kukisikia kiwanda kikinguruma, aliomba manispaa imwazime chumba hicho. Alitaka wafanyakazi wa zamani wasimulie maisha yao, wayageuze kuwa mchezo, na wauigize wenyewe. Walikuja kumi na wanne. Waliondoa vumbi la pamba kwa ndoo. Waliifufua mashine iliyobaki, nayo sasa hufuma mbele ya wageni, kwa kusuasua kama mzee anayepanda ngazi. Pazia la jukwaa walilishona kwa sare zao za kazi, mifuko yake ikiwa bado mahali pake.

Tatizo lilikuwa maneno. Wazee hawakuyashika. Mwalimu alijificha nyuma ya pazia na kuwanong'oneza, lakini mtu aliyeishi na mashine mia mbili hasikii mnong'ono. Akanong'ona kwa nguvu zaidi, hadi watazamaji wakawa wanayasikia maneno mapema kuliko waigizaji.

Mama Kimya alikuwepo siku hiyo kumsindikiza mumewe tu. "Binti yangu," alimwambia mwalimu, "hao usiwanong'oneze. Sogea hapo nikuonyeshe."

Hajaondoka kwenye kile kiti tangu hapo. Hupata fungu lake la viingilio, linalotosha, anasema, unga, sabuni na malalamiko madogo madogo.

Kwa ajili ya uchunguzi, gazeti hili lilikwenda kusimama mwisho kabisa wa ukumbi na kutamka bila sauti kwamba lina njaa.

"Hata mimi," alijibu kwa sauti kutoka upande wa pili. "Na wewe ndiye mgeni, ulipaswa kuja na kitu."

Uchunguzi ulifungwa.

Mambo yalikuwa yakienda vizuri. Wachoraji walihamia vyumba vya juu, fundi viatu akafungua kibanda langoni, na muuza chai aliyehama zamani akarudi na birika lilelile. Kisha mwaka huu mfanyabiashara wa saruji akaiomba manispaa jengo lote.

Manispaa ikamtuma afisa wake aone onyesho kabla ya kikao cha uamuzi. Aliketi mstari wa mbele na msaidizi wake. Katikati ya mchezo akainama na kumnong'oneza msaidizi. Alificha sauti. Mdomo hakuuficha.

Mama Kimya, ambaye kiti chake kinamwezesha kuona jukwaa na watazamaji pia, alisoma kila neno: paa ni bovu, na hawa wazee wataigiza miezi mitatu, wachoke, jengo litubakie.

"Niligeukia jukwaa upesi," anasema. "Nikafikiri, nikikaa kimya tumekwisha. Nikamrushia Boga yote kama yalivyo."

Jukwaani, mwenye nyumba akapiga fimbo sakafuni. Kisha akamgeukia mpangaji, mama aliyekuwa msokota nyuzi kiwandani.

"Nasikia unasema paa langu bovu?"

Mpangaji naye alikuwa ameshayasoma. "Lilikuwa bovu, baba mwenye nyumba. Tumelitengeneza kwa mikono yetu. Tazama juu."

Ukumbi mzima ukatazama juu, afisa pia. Mabati mapya yalikuwa yaking'aa.

"Na nikikuachia chumba, si utachoka baada ya miezi mitatu uhame?"

"Huu mwaka wa tatu tuko hapa. Mende wenyewe wametuzoea, wanatuamkia."

Onyesho lilipokwisha, afisa alikwenda moja kwa moja kwa Mama Kimya na kumuuliza nani aliyewaambia. "Wewe, baba," alijibu. Afisa akashika kiuno, akacheka hadi akavua miwani kuipangusa. Hakuahidi kitu. Alisema tu kwamba kikao kina watu wengi, naye ni mmoja.

Siku ya kikao, kundi zima lilisimama ng'ambo ya barabara, mbele ya ofisi za manispaa, pamoja na mwalimu. Wananchi hawakuruhusiwa kuingia. Jua likawachoma, na hakuna aliyefanya mzaha, jambo ambalo Boga anasema halijapata kutokea.

Karibu na adhuhuri, afisa alionekana kwenye dirisha la ghorofani. Lilikuwa limefungwa. Akatazama nyuma yake, akasogeza uso karibu na kioo, akaanza kutamka. Akakosea. Akaanza upya, polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza: "Ukumbi ni wenu. Miaka kumi."

Boga alivua kofia. Mama aliyekuwa msokota nyuzi akakaa chini palepale, kando ya barabara.

"Amesema nini?" mwalimu aliuliza, akimshika huyu na yule. "Jamani, amesema nini?"

Hakuna aliyeweza kumjibu. Midomo yote ilikuwa ikitetemeka.

"Nashukuru," anasema Mama Kimya. "Namshukuru Mungu, nawashukuru wenzangu, yule afisa namshukuru. Hata zile mashine nazishukuru. Zilichukua masikio, zikaacha macho."

Mwezi ujao ataanza darasa la Jumamosi humo ukumbini, kuwafundisha vijana kusema kwa midomo, ili kiti chake kisibaki wazi. Vijana wengi wameshajiandikisha. Lakini kiti cha mbele amekiweka kwa ajili ya mwalimu.

"Yeye ndiye aliyetuita sote, na siku ile habari ilimfikia wa mwisho," anasema. "Habari njema ijayo, nataka tuione naye pamoja."